Rafu ya Wageni

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote ya Eldoret wakati wa mvua. Asubuhi jua la kudanganya, watu wanatembea na masweta begani. Ikifika alasiri mawingu yanashuka na kila mtu anatafuta paa. Emmaculate alifungua kibanda chake nyuma ya soko, akatundika ovaroli za watoto kwenye waya, akapanga soksi kwa miezi ya umri, akaagiza chai. Jirani yake Kageha, muuzaji wa masweta ya shule, alikuwa ameshaanza kugombana na mteja wake wa kwanza, na hiyo kwa Kageha ni dalili kwamba siku itakuwa njema.

Emmaculate aliuza vitu vya watoto wachanga tu. Na ukiuza vitu hivyo katika mji huu, jambo la kwanza utakalojifunza ni kwamba wanaovihitaji zaidi hawanunui. Mama mwenye tumbo kubwa atasimama mbele ya kibanda, atagusa blanketi, atauliza bei huku macho yanamng'aa, kisha atageuka nyuma kana kwamba ameitwa, aondoke zake. Awe Mluo au Mluhya, awe msomi wa kule Kesses au mke wa tajiri wa Elgon View ambaye gari linamngoja barabarani, ni yale yale. Nguo za mtoto hazilali nyumbani kabla ya mwenye nguo. Ukizileta mapema umemtangaza, na hujui ni nani mwingine amesikia tangazo lako.

Sasa mfanyabiashara afanye nini? Hawezi kumhubiria mteja. Emmaculate aliitafutia hofu hiyo mahali pa kukaa. Nyuma kabisa ya kibanda alipigilia rafu ya mbao, na wateja wakaelewa bila kuelezwa sana. Unakuja na tumbo lako, unachagua, unalipa kidogo kidogo, vitu vinatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, jina linabandikwa, na mfuko unakaa hapo hapo. Siku mtoto akilia hospitalini, mtu anakuja mbio kuuchukua. Aliiita rafu ya wageni, maana wenye mifuko ile walikuwa bado njiani.

Mara nyingi mbio hizo zilikuwa za furaha. Baba mzima anaingia amevaa kiatu kimoja na ndara moja, anacheka peke yake. Lakini kila mwaka ulikuwepo mfuko uliokosa mtu wa kuukimbilia. Vumbi linaanza kukaa juu yake. Emmaculate anapiga simu, na mwanamume anapokea kwa sauti iliyokauka, anasema, "Basi, mama. Wacha tu." Mfuko wa namna hiyo hakuufungua wala kuuza kilichomo. Aliusukuma mwisho wa rafu, gizani, akauacha.

"Uza hizo vitu, wewe," Kageha alikuwa akimwambia. "Ni pesa inaoza hapo."

"Si zangu, Kageha. Ziko na mwenyewe."

"Mwenyewe gani sasa?"

Emmaculate alijua tu kwamba hataki kuzigusa.

Hakuzaliwa na hofu hiyo. Zamani alikuwa akiwacheka wanawake wale. Alipopata mimba yake ya kwanza alibeba nyumbani kwake Langas kila kitu kizuri kilichopita mikononi mwake: blanketi la buluu, beseni, vijikofia. Mumewe Javan, fundi wa mabomba, alitengeneza kitanda kidogo kwa mbao za mabaki. Mtoto alizaliwa kimya. Walirudi nyumbani wakakuta blanketi limetandikwa linangoja. Seline, mama yake Javan, alikuja kutoka Ugenya, akasimama mbele ya kitanda kile kitupu, akalia hadi akaishiwa na sauti. Hakumlaumu. Alisema tu, "Nyathina, mtoto wangu, tulimwita kwa nguvu sana." Neno hilo lilimwingia Emmaculate kuliko tusi lolote ambalo angetukanwa.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokuja, hakununua hata pini. Alikaa mchana kutwa katikati ya nguo za watoto na hakumwekea wake hata soksi moja. Mteja akimuuliza tumbo ni la miezi mingapi, alijifanya hakusikia. Ukimwona akizungusha macho mbali na kile kijishali kilichompendeza, ungecheka kama hungetaka kulia.

Ni wakati huo alipokuja Nakhumicha.

Alikuwa msichana wa Soy, mkulima, mwenye sweta la maruni na matope kwenye viatu, mwenye mimba ya kwanza. Alikuja kwa siri. Mama mkwe wake hakutaka hata kusikia neno nepi, na mume wake Wamalwa alimwogopa mama yake. Nakhumicha aliiona shali ya manjano yenye ukingo mweupe, akaiweka shavuni, akafumba macho. Alinunua shali hiyo na soksi za manjano za kufanana nayo, na kila siku ya soko alirudi kuongeza kitu na kulipa kidogo. Mfuko wake aliufunga mwenyewe, kwa fundo ambalo Emmaculate hakuwahi kuliona, fundo la kufungia ndama, alisema, ambalo ndama mwenyewe hawezi kulifungua.

"Soksi zikimbana mtoto, utanibadilishia?" aliuliza siku ya mwisho.

"Utarudi tu. Nitakubadilishia kubwa."

Nakhumicha alisogea karibu, akashusha sauti. "Nitakuja mwenyewe. Usimpe mtu mwingine, hata akisema nimemtuma."

"Siwezi kumpa mtu."

Hakurudi siku ya soko iliyofuata, wala nyingine. Simu yake ilikuwa imezimwa. Emmaculate aliupangusa mfuko vumbi, akauacha pale pale. Hakuusukuma gizani. Alimpenda yule msichana na hakutaka kufikiri vibaya.

Basi ile siku iliyoanza kwa jua la kudanganya, alasiri mvua ya mawe ikashuka. Mawe yalipiga mabati hadi ukawa husikii mtu aliye mbele yako. Emmaculate aliinuka kuingiza ovaroli ndani, akasikia maji ya moto yakimshuka miguuni. Miezi ya mimba ilikuwa bado haijatimia. Alimwita Kageha, na Kageha, kwa mdomo wake wote ule, alimbeba karibu mzima mzima hadi kwenye teksi.

Mtoto alizaliwa kabla ya giza, mvua bado inapiga madirisha. Alikuwa wa kiume, mdogo, na alilia. Emmaculate aliposikia kilio kile alilia naye. Lakini kilio kilikuwa chembamba, na midomo ya mtoto ilianza kuwa ya rangi ya zambarau. Umeme ulikuwa umepotea. Muuguzi alimfunika kwa shuka ya wodi, akapekua kando ya kitanda.

"Nguo za mtoto ziko wapi?"

"Hakuna."

"Shali? Kofia? Hata leso?"

"Hatujanunua."

Muuguzi alimkodolea macho. "Si ni wewe unauzanga nguo za watoto kule soko?"

Emmaculate aligeuzia uso ukutani. Aibu ilimchoma, na chini ya aibu hofu. Kumbe alikuwa amekwepa shimo moja kwa kurudi nyuma hadi kwenye lingine.

Javan, aliyekuwa amefika mlangoni pa wodi, alitumwa mbio. Kageha alimfungulia kibanda na kurudi kufunga chake, maana maji yalikuwa yanaingia. Humo ndani mlikuwa na giza. Mzee wa watu alisimama mbele ya milima ya nguo, hajui ya mwezi mmoja wala ya mwaka, hajui kipi kinaanza na kipi kinafuata. Ndipo alipoona, kule nyuma, mfuko uliofungwa tayari, umekamilika, kana kwamba mtu aliyatabiri mahitaji yake. Akashukuru Mungu. Aliukwapua akakimbia.

Fundo lilimshinda. Alilikata kwa meno, hapo hapo kando ya kitanda, na shali ya manjano ikamwagika juu ya magoti ya mke wake.

Emmaculate aliitambua kabla haijatua.

Angesema. Alifungua mdomo aseme. Lakini mtoto alikuwa ameacha kulia, na muuguzi alikuwa ameshanyoosha mikono, na vile vidole vidogo vilikuwa vimekakamaa kwa baridi. "Lete upesi," muuguzi alisema. Emmaculate alimpa. Alimtazama mwanawe akivishwa fulana ya mwenye mfuko, kofia ya mwenye mfuko, soksi za manjano, na shali ikazungushwa. Muda si mrefu midomo ilianza kurudi rangi. Mtoto alipiga chafya na kulala.

"Nitamlipa," Emmaculate alijiambia. "Nitamnunulia zingine. Nzuri zaidi."

Walimwita Okoth kwa sababu alikuja na mvua. Nyumba ya Langas ilijaa watu, chai na nyimbo za kanisa. Seline alikuja na kuku na soksi nyeupe alizosuka mwenyewe baada ya kupigiwa simu, baada, alisisitiza, sindano hazikuguswa kabla. Kila aliyemshika mtoto alisema ana joto zuri. Emmaculate alicheka siku hizo kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Alifua shali ile akamfunika Okoth kwa nyingine, mpya, nene, kutoka kibandani kwake. Mtoto akaanza kupoa. Miguu, kisha mikono, kisha tumbo. Alimweka kifuani, akamzidishia blanketi. Hakupata joto. Aliinyakua ile ya manjano kwenye kamba ingali na unyevu, akamzungushia, na mtoto akatoa pumzi ndefu, akapata joto.

Alijaribu tena siku nyingine. Ikawa vile vile. Baada ya hapo hakujaribu tena.

Kisha mvua. Kila alasiri, tone la kwanza likigonga bati, Okoth aliacha kulia. Aligeuza kichwa. Mtoto wa umri wake hata shingo haijakaza, lakini aligeuza. Aliutazama mlango. Mvua ikiisha, Emmaculate alimweka kwenye titi, naye alikataa, ameshiba, maziwa yamemkauka pembeni mwa mdomo. Matiti ya mama yake yalikuwa yamejaa hadi yanauma. Na ukingo mweupe wa shali ulikuwa umelowa, ndani ya nyumba isiyovuja.

Hakumwambia mtu. Alihofia kwamba akitamka litakuwa kweli.

Ni Kageha aliyefungua mlango huo, naye hakujua. Alikuja kumwona mzazi na chupa ya uji, akakaa, akapiga domo, akasema kati ya habari nyingine, "Na yule msichana wako wa Soy alikuja juzi. Ako na sweta ya maruni."

Emmaculate alisimama. "Nakhumicha? Alikuja mwenyewe?"

"Alisimama tu pale kwa hiyo rafu yako. Nikamwambia umezaa. Akauliza, 'Mtoto wangu ako baridi, vitu zake ziko wapi?' Nikamwambia angojee urudi. Nikigeuka hivi, ameenda." Kageha alikunja uso. "Alikuwa amelowa, Emma. Hadi nywele. Na mvua ilikuwa bado."

Lakini Emmaculate hakusikia hilo la mwisho. Alishikwa na furaha kubwa. Yu hai! Amezaa, mtoto wake yupo, anadai vitu vyake kama mteja mwingine yeyote. Kumbe yote yale yalikuwa mawazo ya mama mzazi asiyelala. Siku hiyo hiyo alifua kila kitu kilichotoka mfukoni, akakunja, akapiga pasi hadi soksi. Ila shali. Badala yake alitoa kibandani shali mpya nyeupe, ya bei ghali kuliko ile. Angemweleza Nakhumicha, mama kwa mama, nao wangeelewana.

Hakupata simu yake, lakini Soy si mbali na watu wanajuana. Asubuhi alimwacha Okoth, amefungwa kwenye manjano yake, mikononi mwa binamu yake Lynette, akaenda na Seline, akimweleza njiani jinsi mfuko ule ulivyochukuliwa. Waliulizia sokoni nyumba ya Wamalwa. Aliyewaelekeza aliwatazama mara mbili, akasema, "Poleni, mama," na wao wakadhani ni salamu tu ya watu wenye adabu.

Wamalwa walimkuta akipalilia. Alikuwa kijana bado, lakini alitembea kama mzee. Emmaculate alijitambulisha, akataja jina la Nakhumicha, na yule kijana akalishusha jembe taratibu.

"Hamkuambiwa?"

Aliwapeleka nyuma ya nyumba, mahindi yanapoishia. Yalikuwepo makaburi mawili, moja kubwa, moja dogo lililoegemea lile kubwa. Nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake.

"Lakini alikuja dukani juzi," Emmaculate alinong'ona.

Seline alimshika mkono, akambana kwa nguvu anyamaze.

"Alienda kabla mahindi hayajaota," Wamalwa alisema. "Yeye na mtoto. Siku moja." Alikuwa akitazama lile kaburi dogo. "Mtoto tulimzika na taulo ya kuazima. Hakukuwa na kitu, mama. Hata soksi. Mama yangu alikataa tununue mapema, na mimi nikanyamaza. Ilikuwa inanyesha. Nilimweka chini kwa hiyo maji na taulo ya mtu."

Emmaculate alimnyooshea mfuko. Wamalwa aliufungua, akatoa kijifulana, akakitazama mbele na nyuma. Akatoa kofia. Akatoa soksi za manjano, akazilaza kwenye kiganja chake kikubwa chenye matope.

"Kumbe alikuwa amenunua," alisema.

Akakaa chini pale pale kwenye udongo, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Seline alilia. Emmaculate akachutama kando yake, akalia.

Alipopata nguvu, Wamalwa alichimba mahali padogo kichwani mwa kaburi lile dogo, aweke vitu vya mwanawe. Alivipanga kimoja kimoja. Kisha aliinua macho.

"Ni hizi tu?"

Hapo ndipo penyewe. Emmaculate alimfikiria Okoth, ile miguu inayopoa, lile tumbo. Angesema kweli, angelazimika kwenda Langas akamvue mwanawe kwa mikono yake. Aliitazama shali nyeupe, mpya, ya bei ghali.

"Ni hizi tu," alisema.

Seline alijua. Aligeukia mahindi. Bibi ni bibi, naye mjukuu alikuwa ni mmoja tu.

Wamalwa alifukia. Lakini aliyechagua hakuwa Wamalwa. Aliyeiweka ile shali shavuni alichagua ya manjano.

Walirudi haraka. Walipofika mjini mawingu yalikuwa chini, na walipoingia Langas mvua ilianza. Emmaculate alianza kukimbia. Alimwacha Seline nyuma, akapoteza ndara moja kwenye matope, akakimbia.

Lynette alikuwa jikoni, anamimina chai kwenye vikombe, anaimba kidogo kidogo.

"Mtoto?"

"Amelala. Ako na mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Rafiki yako wa Soy. Mvua ilimpata hapo nje na mtoto. Huyo mtoto hana hata nguo, Emma, uchi kabisa, si nikamwambia aingie?" Lynette alianza kupunguza sauti. "Akasema anaomba amlaze tu kidogo na Okoth, apate joto. Nikakuja kumpikia chai."

Ungefanya nini wewe? Mama amelowa, ana mtoto uchi, anapiga hodi. Hakuna nyumba Langas ambayo ingemfukuza.

Emmaculate alisukuma mlango wa chumba. Hakukuwa na mtu. Dirisha limefungwa. Sakafu ilikuwa na maji, nyayo za miguu mitupu, zinaingia hadi kitandani. Hazikutoka.

Okoth alikuwa amelala chali katikati ya kitanda. Shali haikuwepo. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea kidogo, mahali padogo, palipolowa. Uso wake ulikuwa umetulia. Alikuwa amegeukia pale palipobonyea.

Alikuwa baridi.

Emmaculate alimtia ndani ya nguo yake, ngozi kwa ngozi, akajifunika mablanketi yote ya nyumba, akaketi pale. Alimpulizia. Alimwita. Mvua ilipokwisha bado alikuwa akimwita. Jikoni chai ilikuwa imeshapoa, na ilibidi Javan atoke kazini aje kumnyang'anya mtoto mikononi.

Daktari alisema kwamba kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, hutokea. Mchungaji alisema Mungu ametwaa. Javan alikuwa amesikia habari za mfuko ule siku ya msiba, kutoka kinywani mwa Kageha, na tangu hapo alishindwa kuitazama mikono yake mwenyewe. Emmaculate hakumlaumu. Angemlaumuje? Yeye ndiye aliyetambua akanyamaza, yeye ndiye aliyeulizwa akajibu.

Walimzika Okoth Ugenya, kwa Seline. Emmaculate alimvisha yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Fulana juu ya fulana, sweta, kofia, blanketi la manyoya, kila kilicho bora kibandani kwake, hata wazee wakanong'onezana kuwa mama huyu amechanganyikiwa. Miguuni alimvisha soksi nyeupe za bibi yake. Alitaka tu mtu yeyote asije kuulizwa, popote pale, kwa nini mtoto huyu yuko baridi.

Ilichukua muda mrefu kabla hajafungua kibanda tena. Kageha alimlindia bidhaa na hakuchukua hata senti. Emmaculate aliuza alichouza kabla. Wanawake waliendelea kuja na matumbo yao, wakaendelea kuogopa, na mifuko ikaendelea kukaa kwenye rafu ya wageni. Hakuwacheka, wala hakuwaambia wasiogope. Aliwauliza jambo moja tu: nyumbani yupo mtu anayejua kwamba umenunua? Wengi walishangaa, wakasema hapana. Basi aliwasihi wamwambie mtu, hata mmoja.

Mvua zilikwenda, zikarudi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua la kudanganya. Kageha alikuwa anagombana na mtu. Emmaculate aliingia nyuma kufagia, na mwisho wa rafu, mahali alipokuwa ameacha wazi kwa kusudi, alikuta mfuko wa kitambaa usio na jina. Ulikuwa umelowa chini. Ulikuwa umefungwa kwa fundo la ndama.

Alikaa chini, akauweka magotini. Kisha alilifungua fundo, polepole, bila kulikata.

Ndani mlikuwa na jozi mbili za soksi. Moja ya manjano, na kwenye mishono yake ulikuwa umekwama udongo wa Soy. Nyingine nyeupe, ya kusukwa kwa mkono. Hakukuwa na mwingine duniani aliyesuka kisigino namna ile isipokuwa Seline, na jozi hiyo Emmaculate aliivisha yeye mwenyewe, na alilitazama jeneza likifungwa.

Alizigeuza. Chini, kwenye nyayo, zote zilikuwa zimechakaa, nyuzi zimelegea, rangi imekuwa kahawia. Vidoleni zilikuwa zimevutika hadi karibu kutoboka. Ndivyo zinavyokuwa soksi za watoto walioanza kusimama, wanaoshikilia kiti, wanaojaribu hatua. Anaziona kila siku. Mama zao humletea, wanacheka, wanasema zimembana.

*Utarudi tu. Nitakubadilishia kubwa.*

Emmaculate alizishika puani. Zilinuka mvua, na maziwa.

"Emma!" Kageha aliita kutoka nje. "Uko sawa huko?"

"Niko sawa."

Hakuwa sawa. Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi. Aliinuka, akaenda kwenye soksi alizozipanga kwa miezi, akatafuta za mwaka mmoja. Alichagua jozi mbili nene, moja ya manjano, moja nyeupe. Akatoa pesa kwenye pochi yake mwenyewe, akazitia kwenye mkebe wa mauzo, kwa sababu hakutaka iwe zawadi. Alitaka iwe amenunua, kama mama mwingine yeyote anavyomnunulia mwanawe.

Alizitia mfukoni. Fundo lile hakulijua, kwa hiyo alifunga lake, legelege, lifunguke kwa urahisi. Akaurudisha mfuko mwisho wa rafu, akasimama pale akiupapasa.

Huko nje tone la kwanza liligonga bati.